Fundi wa Milango Aliyekula Mlango Wazi

Kwetu Kabanga, mpakani na Burundi, tunamwita baba wa Gitega. Mama yangu mzazi akitaka habari zake husema, "Baba yako wa Gitega hajambo?" na baba yangu mzazi haoni wivu, maana ndiye aliyenikabidhi kwake. Ni mfupi, mpana mabegani, ana vumbi la mbao kwenye nyusi hata Jumapili akiwa kanisani, na kazi yake ni milango. Vitanda hafanyi. Mtu akileta habari ya kabati anamwelekeza kwa fundi mwingine bila kinyongo. Yeye ni milango tu, nusu ya mtaa inalala nyuma ya kazi yake. Ila kwake mwenyewe, saa ya kula, mlango haufungwi.

Nilifika kwake kwa sababu ya ndoto. Kidato cha nne kilinipa divisheni foo, nami sikulia sana, kwa kuwa tayari nilikuwa nimeshajiona nina hoteli yangu ndogo pale Kabanga, madereva wa malori wanaosubiri forodha wanakula wali wangu, na wale wa Burundi na Kongo nawakaribisha kwa Kifaransa. Upishi na Kifaransa kwa pamoja vilikuwa vinafundishwa Gitega. Baba wa Gitega alikulia kambi ya wakimbizi upande wetu wa Ngara, akajifunzia useremala huko, na kabla hajarudi Burundi aliwahi kumsaidia baba yangu kuezeka nyumba. Aliposikia nakwenda mji wake akapiga simu: "Huyo binti akilala bweni nitajua umenitukana." Basi sikulala bweni.

Kitu cha kwanza alichonitengenezea kilikuwa mlango. Chumba walichonipa kilikuwa na pazia tu, na pazia lenyewe zuri, la maua. Alilitazama kama mtu anayetazama kidonda. Kesho yake nilirudi shule nikakuta mlango wa mbao za grevilea, unanukia, una komeo kwa ndani.

"Binti wa watu lazima ajifungie mwenyewe," alisema. "Ukilala, funga. Ukivaa, funga. Hata mimi nikigonga, uliza kwanza nani."

"Asante, baba. Ni mzuri kweli."

"Niulize mvua ikishanyesha."

Hilo lilikuwa neno lake. Mbao hunywa maji ya mvua, zikavimba, na mlango mbaya ndipo hukwama. Kwa hiyo hakukubali sifa ya kiangazi. Mwishowe alilitumia kwa kila kitu. Nikimwambia nimefaulu somo la supu, niulize mvua ikishanyesha. Jirani akitangaza uchumba wa mwanawe, niulize mvua ikishanyesha. Fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili, rafiki yake aliyekuwa na kibanda jirani na karakana, alikuwa akimtania: "Huyu siku ya kiyama ataambiwa ingia peponi, atasema ngojeni kwanza inyeshe."

Baba alicheka utani wa fundi cherehani. Utani wa wengine hakuucheka. Kuna mteja mmoja aliyekosa kuelewana naye akamwambia rudi kwenu Tanzania. Baba aliinama akaendelea kupiga randa ubao uliokuwa mbele yake, akapiga, akapiga, mpaka ubao ukawa mwembamba kama biskuti na haufai tena kitu chochote. Jioni ile ile alifungua redio kusikiliza mpira wa ligi ya Tanzania, sauti juu, mtaa mzima usikie. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwita Mtanzania amekasirika. Ukimwambia asahau Tanzania amekasirika zaidi.

Sasa mezani.

Jioni yangu ya kwanza mama wa Gitega, mkewe, alipika bugali, ugali wao wa muhogo, maharage na dagaa wale wanaowaita ndagala. Baba akabeba meza mwenyewe akaiweka karibu kabisa na kizingiti, mlango ukiwa wazi mpaka ukutani, na barabara ya mtaa iko hapo hapo. Nikaona raha. Nikajisemea, kumbe Burundi ni kama nyumbani. Kila aliyepita baba alimwita, "Karibu tule!" Nami nikaingia kwenye mchezo. Alipopita mzee mmoja na jembe begani nikapaza sauti, "Karibu, babu, karibu chakula!" Yule mzee aligeuza uso kwenye ua wa jirani kama nimemwonyesha kitu kisichoonyeshwa, akaongeza mwendo. Chini ya meza mama alinifinya paja.

Asubuhi tukichambua maharage akanieleza. Mama ni mtu wa Gitega, hakuwahi kukimbia wala kurudi, na Kiswahili chake ni cha huko huko.

"Sikiliza, mwana. Huku mtu anakula ndani, mlango imefungwa. Mgeni akigonga, chakula inafichwa kwanza. Tunaongea naye vizuri. Akishaenda, tunakula."

"Na kama mgeni ana njaa?"

"Mgeni hana njaa. Mgeni iko na heshima yake, na mi niko na yangu. Mi nitamwonyesha aje sufuria yenye haina kitu?"

"Lakini jana nimeona watu wanakula brochette, ile mishikaki, barabarani, mbele ya kila mtu!"

"Ile ni nyama," alisema, na akaona nimechelewa kuelewa. "Nyama haina aibu, donc watu wanaila hata sokoni. Maharage ndiyo iko na aibu."

Aliishi na aibu hiyo kila siku. Alimpenda mumewe, hilo halikuwa na shaka, alimpangusa vumbi la nyusi kwa ncha ya kitenge kabla hajatoka. Lakini saa ya kula ikikaribia ungeona mabega yake yanapanda. Alikaa upande wa ndani, mgongo barabarani, akala upesi. Siku moja muuza mifagio, Mkongomani, aliitwa karibu kama wote walivyoitwa. Wote hawaingii, yeye akaingia. Akaweka mifagio mlangoni, akanawa, akala vizuri sana, akasifu ndagala, akamuuliza mama kama kuna pilipili. Baba alikuwa na furaha kama bwana harusi. Mama alimtafutia pilipili, na mgeni alipoondoka akakaa kwenye kinu, akasema, "Vraiment, mi siku moja utanikuta nimehama."

"Alikuwa na njaa," baba alimjibu.

"Mtaa mzima inatucheka."

"Wacheke. Anayekula amefunga mlango anaficha nini?"

Mama aliniona, akainuka kukusanya sahani. Niligundua kuwa maneno hayo yalikuwa yanaishia hapo siku zote, kama watu wawili wanaofika kwenye daraja bovu wakageuka.

Mtu mkarimu hivyo ungesema hana uchoyo wa kitu. Alikuwa nao. Alikuwa mchoyo kwa mkoa mmoja tu, Muyinga. Aliwahi kupeleka milango Bukirasazi kwa baiskeli, milima yote ile, na mwingine Ruyigi, na mwingine kwa padri fulani ambaye hata hakujulikana vizuri anakaa wapi. Lakini alikuja mfanyabiashara kutoka Muyinga, anataka milango ya nyumba nzima, mbao nzuri, kila kitu. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Muyinga hapana. Mbao zangu hazipendi Muyinga."

Fundi cherehani alitoa kichwa kibandani. "Mbao zimesoma jiografia?"

Baba hakucheka hata utani wa huyo. Yule mfanyabiashara aliondoka ameudhika, na usiku huo mezani baba aliita watu karibu kwa sauti kubwa kupita kawaida, hata waliokuwa mbali.

Ni mama aliyenieleza, tena kwa kupima, maharage mkononi. Baba ana kaka mkubwa, yuko Gasorwe, kwenye kilima chao, upande wa Muyinga. Vita vilipowatenganisha baba alikuwa mdogo wa kubebwa. Alikulia kambini, kaka akabaki. Wakimbizi waliporudishwa, baba alivuka mpaka wa Kobero na gunia lenye msumeno na randa, akaenda kwa miguu kuelekea kwa kaka yake. Alifika mchana, hajala. Akakuta mlango umefungwa na moshi unatoka. Akagonga. Akasikia watu wanahangaika ndani, kisha wakamfungulia. Wakamkumbatia, wakalia, wakamkalisha. Nyumba nzima inanuka maharage, na hakuna chakula popote. Wakaongea naye, wakaongea, hakuna aliyemwambia karibu. Baba akaomba kwenda haja, akachukua gunia lake, akateremka kilima, na hakusimama mpaka Gitega.

"Alisema walimfungia mlango," mama alisema. "Alikulia kwenu, ambapo hata mtu hakujui anakuita ule. Yeye akaona damu yake inamnyima chakula. Mi nimemwambia, ile si kunyima, ile ndiyo kumheshimu! Anasema we ni wa hapa, utawatetea. Sasa kaka iko anagonjwa, iko anakohoa damu, na huyu iko hapa anaita wauza mifagio." Akamwaga maharage kwenye sufuria. "Atakufa mmoja, mwana. Halafu mwenye kubaki atakula na nani?"

Tangu siku hiyo nilijua kilichokuwa kinawekwa mezani pamoja na bugali.

Ilipofika likizo ya Noeli nikafunga mizigo kwenda Kabanga. Njia ni hiyo hiyo, Muyinga mpaka Kobero. Mama akanipa kitenge kilichokunjwa vizuri, cha kumpelekea mke wa kaka kule Gasorwe. "Usimwambie baba. We nenda tu, uone na macho yako. Yangu hayaamini."

Gari hazikuwa na mafuta siku hiyo, tulikaa stendi mpaka nikaanza kuzoeana na kuku wa abiria mwingine. Nilifika Gasorwe kesho yake kwa baiskeli ya kubeba watu, mchana, jua kali. Nyumba ni ya matofali ya udongo, migomba nyuma, kuku wengi uani. Mlango umefungwa. Nikapiga hodi.

Nikasikia miguu. Nikasikia kitu kizito kinasukumwa sakafuni na kifuniko kinasagika. Kisha mama mmoja mwembamba akafungua, uso wote tabasamu, akanivuta ndani kwa mikono miwili. Ndani kulinuka maharage mpaka tumbo langu likajibu kwa sauti, na juu ya meza hapakuwa na kitu. Nikampa kitenge, nikakaa. Moyo wangu ulishuka, nisidanganye. Nilijua desturi, nilikuwa nimeelezwa, na bado ulishuka. Ndipo nikamwelewa baba hadi kwenye mifupa.

Baba mkubwa alikuwa amelala kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na ukuta, blanketi mpaka kifuani. Uso ni ule ule wa baba, ila umekaushwa. Kirundi nakisikia, kwa sababu bibi yangu ni Mhangaza na lugha hizo ni kama ndugu, kwa hiyo tuliongea bila shida. Nilipomwambia natoka kwa mdogo wake wa Gitega aliuliza, "Anakula vizuri?"

"Anakula, baba mkubwa. Anakula mlango wazi. Anaita kila mpita njia."

Akafumba macho. Alijua mara moja maana yake.

"Siku ile," alisema, "tulikuwa na chungu cha maharage ya maji. Chumvi hatukuwa nayo. Mdogo wangu anarudi kutoka kwa wafu, nimwekee mbele yake maharage yasiyo na chumvi? Nilimkonyeza huyu mke wangu apitie nyuma akatafute kuku kwa majirani. Nilikuwa nampigisha maneno tu, namchelewesha, kuku apatikane. Aliposema anaenda haja nilifurahi, nikasema sawa, tumepata muda."

"Nilirudi na kuku kwapani," mkewe alidakia. "Nikakuta huyu amesimama mlangoni peke yake."

"Kuku huyo hatukumla," baba mkubwa alisema. "Tungemla na nani? Tulimfuga, akataga. Hawa wote unaowaona uani ni uzao wake."

Alikohoa muda mrefu. Mama mkubwa akamtoa mtoto wa jirani mbio akaninunulie fanta. Nilipoondoka niliushika mlango ili nifunge, ukanilemea. Mbao za chini zilikuwa zimeliwa na mchwa, na bawaba ya juu ilikuwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ilibidi kuunyanyua kidogo ndipo uingie.

Nilirudi Gitega baada ya mwaka mpya nimeiva kwa maneno. Mimi ni mtu wa kuamini mambo yataisha vizuri, hata mwalimu wa supu aliniambia hivyo, kwa hiyo nilifikiri nitayasema mezani, baba atalia, tutakumbatiana, kesho tutapanda gari. Nikayasema. Kuku, chumvi, kila kitu. Baba alikuwa na tonge mkononi. Halikwenda mdomoni wala halikurudi sahanini.

"Nani alikutuma?"

"Mi," mama alisema.

Alinawa. Akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake, taratibu, kwa ufundi wake, ukaingia bila sauti. Ndiyo mara ya kwanza nilikula maharage Gitega mlango umefungwa, na hayakushuka.

Kwa siku nyingi hakunisemesha ila kwa salamu. Nikawa namwogopea, si mimi tu, hata fundi cherehani aliacha utani. Watu walipita mbele ya meza yetu bila kuitwa. Mlango ulibaki wazi, lakini mdomo wake ulifungwa, na mama aliyekuwa akiomba ukimya huo miaka yote sasa alikuwa anatazama barabara kama anayemtafuta muuza mifagio. Nilijuta kidogo, nikalia chumbani kwangu, komeo limefungwa kama alivyonielekeza.

Kisha jioni moja nilimpelekea chai karakana. Hakugeuka.

"Ule mlango," alisema. "Ukoje?"

"Mlango upi, baba?"

"Usinifanye mtoto. Wa Gasorwe."

"Umechoka. Chini mchwa wameula. Bawaba ya juu ni mpira wa baiskeli."

Akaweka randa chini. "Mpira?"

"Mpira, baba. Ukitaka kufunga lazima uunyanyue."

"Mtu mzima analala nyuma ya bawaba ya mpira," alisema, "na mvua za kule."

"Tena anakohoa sana, baba. Amekonda..."

"Sikukuuliza kukohoa. Nimeuliza mlango. Upana wake?"

Sikujua. Alinitazama kwa huruma, mwanafunzi mzima aliyepita mlangoni asijue upana wake. Kisha akasimama wima, mbele ya hewa tupu, akaweka kiganja kwenye paji la uso wake. "Kizingiti cha juu kilikuwa hapa," alisema. Akatanua viwiko. "Na huku, hivi. Nilisimama pale kabla hawajanifungulia. Nilisimama vya kutosha."

Alitengeneza mlango ule kwa mbao alizokuwa amezificha kwa ajili ya kazi ya maana. Alipomaliza aliuegemeza ukutani, na hapo ukakaa. Wateja waliutaka, akawafukuza. Mama alimwambia, "Mlango haina miguu, bwana wangu, haiwezi kwenda peke yake." Akajibu anangoja mbao zitulie. Mbao zikatulia. Mvua zikaja, hazikuuvimbisha, zikaondoka. Kozi yangu ikaisha, nikapewa cheti chenye jina langu kwa herufi za kupinda, na bado mlango uko pale, na habari za Gasorwe zinakuja kila wakati mbaya zaidi ya zilizotangulia. Alinisindikiza stendi. Gari lilipoanza kuondoka aligonga ubavu wake kama anayepima mbao, akasema, "Msalimie baba yako." Sikumwona tena kwa muda mrefu.

Hoteli yangu ilianza kwa meza mbili chini ya bati, mita chache kutoka mahali malori yanapopanga foleni. Nilikuwa nimeinjika wali asubuhi moja simu ikalia.

"Mwana, baba yako ameondoka na mlango," mama wa Gitega alisema, pumzi juu. "Alipigiwa simu jana, kaka amerudishwa kutoka hospitali, wamesema apumzike tu nyumbani. Unajua iko na maana gani. Ameamka, amefunga mlango juu ya Hiace, mi nasema nikusindikize, anasema hapana. Iko peke yake. We uko karibu. Mwendee, nakuomba."

Nikamwachia mdogo wangu wali, nikamwambia usiuunguze, nikavuka Kobero. Dereva wa pikipiki alilalamikia bei ya petroli njia nzima, nami nilimjibu ndiyo, ndiyo, bila kusikia.

Nilimkuta chini ya kilima. Mwenye baiskeli aliyembebea mzigo alikuwa ameshaondoka. Mlango umeegemezwa kwenye ukingo wa njia, naye amekaa kwenye kivuli chake, miguu ameikunja kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Alikuwa amezeeka. Vumbi la nyusi sasa sikujua kama ni vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako kakutuma."

"Kanituma."

"Yule mwanamke atatuma watu mpaka atawamaliza."

"Mbona hujapanda?"

Akanyoosha kidevu. Nyumba ilikuwa pale juu, moshi mwembamba unapita kwenye paa, mlango umefungwa.

"Wanakula," alisema. "Nangoja wamalize."

"Umefika saa ngapi?"

"Kabla moshi haujaanza." Akaona aibu. "Nilikuwa napumzika."

Nilikaa naye kivulini.

"Nikigonga nitasikia kifuniko," alisema baadaye.

"Kifuniko gani?"

"Cha chungu. Siku ile nilikisikia wanapokificha. Kilisagika hivi, krrr. Unafikiri kwa nini nafungua mlango nikila? Ukiwa umefungwa nakisikia. Mkono wangu unakataa kwenda mdomoni." Alifuta paji la uso, pale pale alipokuwa ameupimia mlango. "Umenieleza habari ya kuku. Nimekuamini. Lakini sikio haliamini."

"Na ukikisikia leo?"

"Sijui, binti yangu. Niulize mvua ikishanyesha," alisema, na hakuna aliyecheka.

Ila alisimama. Akashika mlango mbele, mimi nyuma, tukapanda. Ulikuwa mzito, mabega yaliniwaka. Uani kuku walitawanyika, akasimama katikati yao, mlango mikononi.

"Ndio hawa?"

"Ndio hao, baba."

Alimtazama mmoja wa kahawia kwa muda mrefu, kama anayemtafutia sura ya mtu. Tukauegemeza mlango ukutani. Akaenda mbele ya ule wa zamani. Kizingiti cha juu kilimgusa paji la uso.

"Hodi," akasema.

Miguu. Kitu kizito kikasukumwa sakafuni. Na kifuniko, krrr. Mguu wake mmoja ulirudi nyuma, nikadhani ndiyo basi, anateremka tena. Mkono wake ukaushika ule mpira wa baiskeli, ukabaki hapo.

Mama mkubwa alifungua nusu. Akamwona. Akaweka mkono mdomoni.

"Ni nani?" sauti ikauliza kitandani, nyembamba mno.

"Ni mimi," baba alisema kwa Kirundi.

Ndani kikohozi kirefu.

"Peke yako?"

"Na binti wa Kabanga. Na mlango."

"Mlango wa nani?"

"Wa kwako. Huu unakuaibisha."

"Mke wangu," sauti ikasema, "chungu umekiweka wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Kitoe."

"Ni maharage matupu, jamani!" mama mkubwa alisema, anatazama huku na huku. "Mniache nikamate kuku, ni dakika moja tu, kuku wako hapo..."

"Hapana kuku. Kuku ndiye aliyetuponza. Kitoe chungu." Akavuta pumzi. "Na wewe, ingia. Ufunge mlango."

Baba aliingia. Mama mkubwa akatoka na mwiko bado mkononi, akasimama kando yangu. Nikasikia mlango unanyanyuliwa kidogo, kwa ndani, na mikono inayojua, kisha ukaingia mahali pake.

Tulikaa chini mimi na yeye, migongo kwenye mlango mpya. Nilikuwa na njaa kali na harufu ya maharage ilikuwa inapita kwenye nyufa, wala hakuna aliyeniambia karibu, na sijawahi kukaa mahali nikaridhika namna ile.

"Hajala tangu juzi," mama mkubwa alininong'oneza. "Kijiko hata hakishiki."

Tukasikiliza. Kijiko kiligonga sahani. Muda ukapita. Kikagonga tena, polepole, kama mtu anamlisha mwingine.

"Hayana chumvi," baba wa Gitega alisema ndani.

"Hata siku ile hayakuwa nayo."